Kutoka Sanamu ya Askari hadi Kariakoo: Njia ya Wageni na Kumbukumbu ya Wapagazi

Mgeni anayetembezwa kwa gari kutoka Sanamu ya Askari hadi Soko la Kariakoo huvuka mipaka ya ubaguzi wa kikoloni: Uzunguni, Uhindini, kisha makazi ya Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo humpendeza kwa uwazi wake, uliachwa mtupu makusudi, kwa kisingizio cha afya, ili kuitenga Kariakoo na Uhindini.

Ncha mbili za njia hiyo zinahusu vita vimoja. Sanamu, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari peke yake, bunduki yenye singe mkononi. Wapagazi, waliouawa na maradhi zaidi kuliko risasi, wanatajwa katika maandishi tu; ile ya Nairobi angalau inamwonyesha mpagazi. Hapa kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko, yaani Carrier Corps katika matamshi ya wenyeji, kwa kuwa walipiga kambi eneo hilo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Mwongozaji anayeanzia kwenye usanifu wa Beda Amuli, uliostahili sifa zake, na ufunguzi wa mwaka 1975, huianza historia ya Kariakoo ikiwa imechelewa takriban miaka 60.