Uwiano wa difu

uwiano wa difu *nm* [u-] Idadi ya mizunguko ambayo propela shafti hufanya ili magurudumu yanayoendeshwa yazunguke mara moja. *Lori hili lina uwiano wa difu wa 3.70.*

Asili. *Uwiano* hutokana na kitenzi *wiana*. *Difu* ni neno la karakana, lililotoholewa kutoka Kiingereza na kufupishwa. Kwa maana finyu hutaja gia zinazoyawezesha magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Kwa maana pana, ambayo ndiyo ya kawaida, hutaja bakuli lote la gia lililo kati ya ekseli ya nyuma. Makala haya yanatumia maana pana.

Namna unavyopatikana. Ndani ya difu mna gia ndogo iitwayo pinioni, inayozungushwa na propela shafti, na gia kubwa iitwayo krauni. Meno ya krauni yakigawanywa kwa meno ya pinioni, jibu ndilo uwiano. Krauni ya meno 37 ikiwa na pinioni ya meno 12 hutoa 3.08, ikiwa na pinioni ya meno 10 hutoa 3.70, na ikiwa na pinioni ya meno 9 hutoa 4.11. Huandikwa 3.70:1, na husomwa "tatu nukta saba sifuri kwa moja". Katika baadhi ya malori makubwa zimo pia gia za kupunguza mwendo ndani ya vikombe vya magurudumu. Hapo uwiano kamili hupatikana kwa kuzidisha uwiano wa sehemu hizo mbili.

Matumizi: "mkubwa" na "mdogo". Vivumishi hivi vimewapotosha wanunuzi wengi. *Difu kubwa* kwa mmoja ni bakuli pana, kwa mwingine ni namba kubwa, na kwa wa tatu ni difu ya mwendo mkubwa, ambayo kwa hakika ndiyo yenye namba ndogo. Agizo lililoandikwa "difu kubwa ya kuvutia tela" linaweza kuleta kifaa kisichofaa kabisa. Katika barua ya agizo, mkataba au maelezo ya ufundi, andika namba, na ikiwezekana idadi ya meno. Pakihitajika maelezo, sema "uwiano wa namba ya juu" au "wa namba ya chini", kisha utaje namba yenyewe.

Kuchagua uwiano kwa lori la kukokota tela. Kanuni ya jumla ni kwamba namba ya juu huongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu na hupunguza mwendo. Namba ya chini hufanya kinyume chake. Injini na gia zikiwa zilezile, difu ya 4.11 huyapa magurudumu nguvu ya msukumo iliyozidi ile ya 3.08 kwa theluthi moja. Hata hivyo, difu haiongezi nguvu ya injini. Katika safari, dereva mwenye giaboksi ya gia nyingi anaweza kushusha gia moja na kupata mvuto karibu sawa na ule wa difu ya namba ya juu. Kwa hiyo difu huamua hasa mambo mawili: uwezo wa kung'oa mzigo kwa gia ya kwanza, na mizunguko ya injini katika mwendo wa kawaida wa safari.

Jambo la pili hukokotolewa hivi. Chukua mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha malori makubwa nchini Kenya na Tanzania. Huo ni takriban mita 1,333 kwa dakika. Tairi la 315/80 R22.5 husogea kiasi cha mita 3.3 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 404 hivi kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, gia ya juu ikiwa 1:1:

- 3.08: mizunguko 1,250 hivi kwa dakika
- 3.70: mizunguko 1,500 hivi
- 4.11: mizunguko 1,660 hivi

Injini nyingi za dizeli za malori ya kisasa hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha kati ya mizunguko 1,000 na 1,400. Kwa injini ya namna hiyo, 3.08 hufaa barabara ya tambarare na huokoa mafuta. Lakini lori lipandalo kutoka Mombasa hadi Nairobi huanza usawa wa bahari na kufika zaidi ya mita 1,600, na msafara wa magari yenye mzigo katika Mlima Kitonga, Iringa, unaweza kusimama katikati ya mteremko mkali. Mzigo ukikaribia tani 56, ambazo ndizo kikomo cha jumla katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali si mwendo tena, bali kama lori litaondoka bila kuunguza klachi. Hapo 3.70 au 4.11 hustahili gharama yake ya mafuta. Namba ya juu husaidia pia wakati wa kushuka, kwa sababu injini hulizuia gari kwa nguvu zaidi.

Giaboksi nayo ihesabiwe. Gia ya juu ikiwa 0.78, difu ya 4.11 katika gia hiyo hufanya kazi kama 3.21. Lori hilo hupata mvuto wa kuondokea bila kuichosha injini barabarani.

Tahadhari. Lori lenye ekseli mbili za nyuma zinazoendeshwa lazima liwe na uwiano mmoja katika difu zote mbili. Zikitofautiana, hushindana na kuvunja gia. Vivyo hivyo difu ya mbele na ya nyuma katika gari la magurudumu manne yanayoendeshwa, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine. Tairi kubwa zaidi hupunguza uwiano kwa vitendo: mzingo ukiongezeka kwa asilimia 10, difu ya 4.10 hufanya kazi kama 3.73. Baada ya kubadili difu au tairi, kipimamwendo kikaguliwe.

Mifano. *Fundi alihesabu meno ya krauni na pinioni kabla ya kuagiza difu nyingine. — Kwa uwiano wa 3.08, tela lenye mzigo kamili lilikataa kuondoka mlimani.*

Tazama pia: ekseli, giaboksi, klachi, krauni, pinioni, tela (pia *trela*).