Bustani ya Livingstone, Ujiji: miembe iliyopo siyo ule wa mwaka 1871

Kwa msikilizaji wa Katubuka, safari si ndefu: ni kupanda daladala la Ujiji, kisha kuteremka kwa miguu upande wa ziwani hadi bustani ndogo yenye miembe, mnara wa mawe na makumbusho. Uliza kiingilio kabla hujaingia, na udai risiti.

Hapa ndipo mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alipomkuta Dkt. David Livingstone. Jiwe linasema 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaonyesha mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na kupoteza hesabu ya siku.

Wageni wengi hushika mti wakidhani ndio wenyewe. Sivyo. Mwembe wa zamani ulishakufa, na waliopo inaelezwa ni watoto wake, waliobebeshwa kutoka kwake. Mkulima wa miche ya kubebesha ataelewa haraka: kitawi cha mti mzee kikishika kwenye shina changa, kinachokua juu ni mwembe ule ule kwa aina na kwa ladha. Ndiyo maana kuchonga majina kwenye magome yake ni hasara kubwa. Gome ndilo njia ya chakula cha mti. Likikatwa kuzunguka shina, mti hukauka, na bustani hubaki na jiwe tu.

Ukiwa na mwenyeji wa kukutembeza, mwulize habari za Susi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemlaki kwanza hakuwa Livingstone bali Susi, mtumishi wake, ambaye kisha alikimbia kumpa bwana wake habari. Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, Susi na Chuma walikuwa mbele ya msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Uliza pia kuhusu mto Rusizi. Baada ya kukutana, wageni hao wawili walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini ya Tanganyika wakitafuta chanzo cha Nile. Walikuta Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Kwa wavuvi wa huko hiyo haikuwa habari mpya.

Msimu wa maembe ndio mzuri zaidi kwenda. Ila usirushe mawe juu. Okota yaliyodondoka, kwa ruhusa ya mlinzi.