Safu ya Lugha: Pakua si Tazama
Mifumo mingi ya mtandaoni huandika "Pakua" kila penye ripoti ya PDF. Mfanyabiashara wa Rutamba, mkoani Lindi, akibonyeza kitufe hicho ili apate ankara yenye namba ya malipo, pengine ankara hufunguka tu ndani ya kivinjari. Akifunga ukurasa, simuni hakuna faili. Hapo neno limetumika ovyo. Kupakua ni kinyume cha kupakia: pwani ya Kilwa na Lindi mzigo hupakiwa jahazini ukapakuliwa bandarini, na wali hupakuliwa chunguni ukaingia sahanini. Kote humo kitu huhama kikabaki kwa mpokeaji.

Yuko atakayesema kivinjari nacho hulipokea faili kabla ya kulionyesha, kwa hiyo kimeshapakua. Kweli, lakini kitufe huandikiwa mtu, si mashine. Na hata seva hutofautisha, kwani pamoja na faili huweza kutuma agizo: lionyeshwe papo hapo, au lihifadhiwe kwa jina fulani. Agizo la kwanza liitwe "Tazama", la pili "Pakua". "Chapa" ibaki ya karatasi, na "Pakia" ya kupeleka faili kwenye mfumo.