Mizani ya Nani? Thika, Ruiru na ndoto ya binadamu mpya

Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto wake katika shamba ambalo wazazi wake walilianzisha muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu hicho kililifikisha jina la Thika kwenye rafu za nyumba nyingi za Uingereza. Kisichokumbukwa sana ni ukoo alikoolewa mwandishi huyo. Mumewe, Gervas Huxley, alikuwa binamu yake Aldous, aliyeandika Brave New World mwaka 1932, na wa Julian, mwanabiolojia ambaye mwaka 1957 aliandika insha iliyolieneza neno transhumanizimu: imani kwamba binadamu anaweza, na pengine anapaswa, kuivuka hali aliyozaliwa nayo kwa nguvu ya sayansi. Siku hizi imani hiyo husemwa kwa lugha ya saiborgi, vipandikizi vya ubongo na akili unde, kana kwamba ilizaliwa California juzi. Kumbe ina shemeji Thika.

Undugu huo una kurasa zisizopendeza. Mwaka 1933, jijini Nairobi, madaktari na walowezi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, tawi la yujeniksi katika koloni. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alipima vichwa vya Waafrika; F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia, alichunguza bongo za maiti na mwaka 1934 akachapisha matokeo yake. Walifikia hitimisho walilolitamani: kwamba Mwafrika wa Kenya amepungukiwa kwa asili, na kwa hiyo elimu ina mipaka ya kumfaa. Fedha walizoziomba London ili wapanue utafiti huo hawakupewa.

Haifai kumtia Julian Huxley katika kapu moja na Gordon. Mwaka 1935 Huxley alishirikiana na A. C. Haddon kuandika We Europeans, kitabu kilichoyashambulia madai ya kisayansi ya wabaguzi wa rangi. Lakini huyo huyo alikuwa rais wa chama cha yujeniksi cha Uingereza kuanzia 1959 hadi 1962. Gordon alitafuta ushahidi kwamba watu fulani hawawezi. Huxley alitumaini kwamba binadamu kwa jumla anaweza zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwenye kuipuuza hamtendei haki Huxley. Walipokutana ni kwenye mizani: kila mmoja aliishika mwenyewe, na anayepimwa hakuulizwa lolote.

Ukitoka Thika kuelekea Nairobi unapita Ruiru, na hapo uboreshaji wa kizazi ulifaulu bila kumkosesha mtu usingizi. Ugonjwa wa chulebuni ulipoangamiza mavuno ya kahawa mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza kazi ya kuchanganya aina mbalimbali za mibuni, maua yakichavushwa kwa mkono. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima alipumua, kwa kuwa gharama ya kunyunyizia dawa ilipungua. Mwonjaji wa kahawa alikunja uso. Kwake kikombe cha Ruiru 11 hakikufikia kile cha SL28, aina iliyochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyokusudiwa kuwapatanisha wawili hao. Hata mbuni, basi, hauwi bora hivi hivi. Huwa bora kwa mtu fulani na kwa kazi fulani. Watu wa yujeniksi walipenda kujilinganisha na wafugaji na wakulima. Walilolisahau ni kwamba mbuni hauna maoni kuhusu maisha yake, na mwanadamu anayo.

Sasa tazama mji huo huo wa Thika kwa upande mwingine. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, mwaka ule ule ambao Julian Huxley alichaguliwa kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Vyombo vinavyomwezesha mtoto asiyeona kusoma vina ukoo wao pia, na ukoo huo umejaa wasioona. Louis Braille, aliyechapisha mfumo wake wa nukta mwaka 1829, hakuona. Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, ndiye aliyeiunda JAWS, programu inayoisoma skrini kwa sauti. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza mwaka 2006 kuandika NVDA, ambayo hufanya kazi kama hiyo na hutolewa bure. Kwa shule yenye bajeti finyu, hilo la bure si jambo dogo. Hapa aliyetambua upungufu, aliyeunda kifaa na aliyesema kama kinafaa mara nyingi alikuwa mtu mmoja.

Linganisha na kuzaliwa kwa saiborgi yenyewe. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1960 na Manfred Clynes na Nathan Kline, watafiti wa hospitali moja ya wagonjwa wa akili katika jimbo la New York. Mfano wao haukuwa shujaa wa chuma. Alikuwa panya aliyepachikwa pampu ndogo ya kumpa dawa polepole bila yeye kujua. Walitaka mwanaanga abadilishwe mwili ili aishi angani bila kubeba mazingira ya dunia, na mashine ijiendeshe yenyewe ili yeye abaki huru kufikiri. Si wazo la kudharauliwa. Ila saiborgi wao alitengenezwa ili aende kusikokuwa na watu, ilhali mwanafunzi wa Thika, vidole vyake vikiwa juu ya mashine ya breli ya Perkins, anajiunga na watu: mtihani wa taifa, barua, benki, mabishano ya siasa. Mmoja anapewa mashine ili aweze kuwa peke yake. Mwingine, ili asiachwe peke yake.

Wapo wanaosimama kwenye daraja kati ya mapokeo haya mawili, na Ray Kurzweil ndiye wa kuvutia kuliko wote. Mwaka 1976, akishirikiana na shirikisho la wasioona la Marekani, alizindua mashine iliyosoma maandishi ya chapa kwa sauti. Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Mwaka 2005 mtu huyo huyo aliandika The Singularity Is Near, akatabiri kwamba ifikapo 2045 akili ya binadamu na ya mashine zitakuwa zimeungana kiasi cha kuyageuza maisha yasitambulike. Naona mashine ya 1976 ina hekima ambayo utabiri wa 2005 umeipoteza: ilijaribiwa na wenye kuihitaji, nao wakasema.

Swali la mwamuzi linageuka kuwa kichekesho kichungu tukija kwenye akili unde. Ruiru ni mji wa watu wengi wanaolala huko na kuchuma Nairobi, na baadhi ya kazi za Nairobi siku hizi ni kuifunza mashine. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini humo walisoma maelezo ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kuna mfano wa kale: mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Maria Theresa, mtawala wa Austria, mashine iliyocheza sataranji, na ndani yake alijificha mchezaji mahiri. Mashine ya Kempelen ilikuwa ulaghai. Hii ya leo inafanya kazi kweli, ila jasho lililo ndani yake halionekani. Na mchezaji yule aliyejificha alikalia siri ya ustadi wake, ilhali huyu wa Nairobi alipewa mamlaka ya ajabu ya kuamua lipi ovu na lipi si ovu kwa niaba ya dunia nzima, asipewe sauti juu ya ujira wake. Mei mosi 2023 wasimamizi wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda chama cha wafanyakazi.

Limebaki la mauti, ambalo kila ndoto ya binadamu mpya huishia kulipigania. Baba yake Kurzweil, Fredric, mwanamuziki aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna, alifariki mwaka 1970. Mwanawe alihifadhi barua na karatasi zake, na baadaye maandishi hayo yakatumika kuunda programu inayojibu maswali kwa maneno ya Fredric mwenyewe. Mjukuu, Amy Kurzweil, ambaye hakuwahi kumwona babu yake, alizungumza nayo, akaandika na kuchora kitabu kuhusu mazungumzo hayo mwaka 2023.

Familia za Wagikuyu wa Thika na Ruiru zina njia yao ya kumrudisha babu. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ndiyo maana utamsikia mama akimwita mtoto wake mchanga "baba" bila mzaha. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 juu ya wafu walio hai: marehemu ambao bado wapo kati yetu maadamu kuna anayewakumbuka kwa jina. Alidai pia kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazikuupa wakati ujao wa mbali nafasi kubwa, dai lililopingwa na wanafalsafa wenzake, Kwame Gyekye akiwemo. Hata ukiwaunga mkono wapinzani wake, 2045 ya Kurzweil haina mahali pa kukaa katika mpango wa majina. Mpango huo unahesabu vizazi, hauhesabu tarehe.

Programu inahifadhi maneno ya babu na haimtwishi mtu wajibu wowote. Jina linahifadhi wajibu, na maneno yanapotea: mtoto anaitwa Kamau kama babu yake, na huenda hakuna anayekumbuka Kamau wa kwanza aliongeaje. Programu hupimwa kwa kufanana. Mtoto hapimwi hivyo, na akiichukia kahawa ambayo babu yake aliipalilia maisha yote, bado ni Kamau. Wala tusiwapambe Wagikuyu kupita kiasi, kwa sababu mpango wao nao una mizani, na ukoo wa mama husubiri zamu. Fredric hakuulizwa kama anataka kurudishwa, na mtoto wa Ruiru hakuulizwa kama anataka kuwa babu wa mtu. Huyu wa pili, hata hivyo, akifikisha miaka kumi na minane anaweza kwenda kwa wakili, akaandikisha hati ya kubadilisha jina.