Ramadhani Ringgit Ilipoanguka

Hebu turudi nyuma kidogo, mpaka Ramadhani ya mwaka 1418 Hijria, yaani Januari 1998. Wazee wetu hapa Kenya wanaikumbuka miezi ile kwa mvua za El Niño. Ndugu zetu wa Malaysia na Indonesia wanaikumbuka kwa jambo jingine: pesa zao zilikuwa zikiyeyuka mfukoni.

Moto ulianzia Thailand tarehe 2 Julai 1997, serikali iliposhindwa kuishikilia thamani ya baht. Matajiri wa nje waliokuwa na pesa katika nchi jirani wakaingiwa na hofu, wakaanza kuzitoa. Kule Malaysia, dola moja iliyokuwa ringgit 2.50 hivi ikafika karibu 4.90 katika kumi la kwanza la Ramadhani hiyo.

Indonesia ilikimbilia Shirika la Fedha Duniani, IMF. Tarehe 1 Novemba 1997 benki 16 zikafungwa kwa mpigo. Nia ilikuwa kusafisha, lakini wenye akiba waliingiwa na hofu, wakatoa pesa hata katika benki nzima. Tarehe 15 Januari, watu wamefunga, Rais Suharto alitia saini masharti mapya huku mkuu wa IMF, Michel Camdessus, amesimama kando yake amekunja mikono. Picha ile iliwauma wengi. Mwezi wa Mei bei ya mafuta ikapandishwa, ghasia zikazuka, watu wakafa, na Suharto akajiuzulu tarehe 21.

Malaysia haikuchukua mkopo wa IMF. Hata hivyo, mwanzoni Waziri wa Fedha Anwar Ibrahim alibana matumizi vile vile, na uchumi ukazidi kudorora. Ndipo tarehe 1 Septemba 1998 serikali ya Mahathir Mohamad ikaamuru: ringgit zilizo nje zirudi nyumbani ndani ya mwezi mmoja, na wageni walionunua hisa wasitoe pesa zao mpaka mwaka uishe. Kesho yake dola ikafungwa kwa ringgit 3.80, na ikakaa hapo hadi Julai 2005. Shirika la Danaharta likanunua mikopo mibaya, na Danamodal likazipa benki mtaji. Uchumi uliopungua zaidi ya asilimia 7 mwaka 1998 ulikua kama asilimia 6 mwaka 1999.

Lakini tusitie chumvi. Korea Kusini ilikubali masharti ya IMF nayo ikainuka. Na siku ile ile ringgit ilipofungwa, Anwar alifutwa kazi, kisha akatiwa jela. Wengi walilalamika pia kuwa matajiri walio karibu na wakubwa ndio waliookolewa mwanzo.

Kwa hivyo ndugu yangu, swali si kukopa au kutokopa peke yake. Hazina ya nchi ni amana. Serikali yoyote ikituambia tukaze mikanda, sisi vijana tuulize kwa adabu: mkanda wa nani unaanza kukazwa, wa mnyonge au wa mkubwa?

Wallahu a'alam. Saumu njema.