Mtaro wa Susu

Mwaka jana nilitaka kufukia mtaro wa susu. Umekata bustani ya nyuma ya jikoni katikati kabisa, huko kwetu Machakos, na mimi nilitaka mistari ya sukuma iliyonyooka kama ile ya YouTube. Bajeti: elfu mbili. Susu akaniangalia tu. "Fukia," akasema, "halafu ungoje mvua."

Mvua yetu unaijua. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ilifeli mfululizo, kisha 2024 ikaja yote kwa mpigo. Ukame ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni maji yanayokuja kwa fujo na kuondoka na udongo.

Mtaro huo unaitwa fanya juu. Unachimba ukikingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukuta. Maji yakishuka yanasimama hapo na kuzama polepole. Hata vitabu vya wataalamu wa ng'ambo huliandika jina hilo hivyohivyo. Mimi nikilisikia, nasikia mnyapara.

Na amri zilikuwepo. Mwaka 1938 wakoloni, wakidai mifugo ndiyo inayomaliza udongo wa Ukambani, walianza kunyakua ng'ombe. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akapelekwa kizuizini Lamu. Makinga-maji nayo yalichimbwa kwa lazima. Nani angeyapenda?

Lakini kuanzia miaka ya 1950 kazi iliingia mikononi mwa mwethya, vikundi vya leo kwako kesho kwangu, wanawake wakiwa wengi. Baada ya uhuru ilizorota kidogo, kisha watu wakairudia wenyewe. Nilimuuliza susu kama walilazimishwa.

"Mamangu alilazimishwa. Mimi nilitaka mboga."

Basi sikufukia. Nilichimba mwingine mdogo, juu ya ule wa zamani. Usawa nilipima kwa fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na jiwe likining'inia kwa kamba. Jembe la kuazima. Pesa zilienda kwa mbegu za kunde na mchicha, na chai ya majirani waliokuja kusaidia. Nyasi kavu za kutandaza, bure. Mistari yangu imepinda vibaya. Kwa picha haipendezi.

Novemba ilinyesha siku nne tu. Wiki iliyofuata mtaro bado ulikuwa na tope, na susu alikuwa ndani yake, akilalamika kwamba ukuta wangu ni mfupi.