Chanjo na Safari ya Umri

Neno chanjo halikuja nchini pamoja na sindano. Limetokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe au kisu. Tangu kale waganga wetu walichanja chale ili dawa ipate kuingia mwilini. Hata kinga ya ndui ilipoletwa, nayo ikitiwa kwa kuikwaruza ngozi ya mkono, watu hawakuhitaji kuazima jina. Walilitumia lile walilokuwa nalo. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kitendo hicho kilivyokua, kikawa ratiba inayomfuata Mtanzania tangu utotoni hadi uzeeni, na kwa nini ratiba hiyo yafaa kuhesabiwa miongoni mwa mambo ya utamaduni wetu.

Ndui ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoogopwa sana katika njia za misafara. Katika karne ya 19, wapagazi waliokwenda na kurudi kati ya pwani, Tabora na Ujiji walibeba pembe na nguo, na ndui ikasafiri pamoja nao. Mwingereza Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857, aliandika habari za misafara iliyopukutishwa na maradhi hayo. Aliandika pia juu ya desturi ya kuchanja paji la uso, baina ya nyusi, na kutia usaha wa mgonjwa. Kinga hiyo ilikuwa na hatari, kwani aliyechanjwa aliweza kuugua ndui yenyewe. Njia iliyo salama zaidi, ya kutumia ndui ya ng'ombe, ilikuwa imekwisha kuthibitishwa Uingereza na daktari Edward Jenner mwaka 1796. Lakini ilichukua muda mrefu kuvifikia vijiji vyote vya dunia.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuing'oa ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Marka, Somalia, si mbali na Barawa, ambako husemwa Chimwini, lahaja ya Kiswahili. Jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alifanya kazi mahali pa tiba, lakini mwenyewe alikwepa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya polio, akawasimulia wazazi kosa lake ili wasilirudie. Alikufa kwa malaria mwaka 2013, angali katika kazi hiyo.

Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975. Tangu hapo siku ya kliniki imekuwa siku inayojulikana kijijini: akina mama na kanga zao, mizani iliyotundikwa, watoto wanaolia, na kadi inayotunzwa pamoja na vitu vya thamani vya nyumba.

Tuitazame kadi hiyo. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu, ambayo huacha kovu begani, na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na maradhi mengine. Hurudishwa mara tatu kwa kuwa mwili hujifunza kama mwanafunzi: somo la kwanza humfungua macho, marudio humtia ufahamu. Chanjo ya surua na rubela hungoja miezi 9, kwa sababu kabla ya hapo kinga aliyoipata kwa mama yake akiwa tumboni huweza kuizuia isishike. Ya pili hutolewa katika mwezi wa 18.

Safari haikomi hapo. Tangu mwaka 2018 wasichana wamekuwa wakichanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama mjamzito huchanjwa dhidi ya pepopunda, naye humrithisha kinga mtoto ambaye hajazaliwa, ili jeraha la kitovu lisimwue. Wazee nao wamo. Anayekwenda kuhiji Makka hutakiwa kuchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Na chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini Julai 2021, wazee walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Mababu zetu waliugawa umri kwa hatua: kutolewa nje kwa mtoto, jando na unyago, ndoa, uzee. Kila hatua ilikuwa na wakati wake, na jamii nzima ilikuwa shahidi. Kadi ya chanjo imejiunga na mpango huo. Nayo hudai jambo lile lile: kurudi kwa wakati, hata pale ambapo mtoto anaonekana mzima.

Hapo ndipo penye hatari ya zama zetu. Nilipokuwa mdogo niliwaona wazee wenye nyuso zilizotobolewa na ndui. Hakuna aliyehitaji kutueleza maana ya kuchanja. Nyuso hizo zinatoweka, na vijana hudhani kwamba maradhi yaliyokwisha sahauliwa yamekwisha kufa. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokewa na polio ya asili. Mwaka 2022 mgonjwa akatangazwa nchini Malawi, na watoto wa Tanzania wakapewa matone tena. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi mwalimu na awatume wanafunzi nyumbani wakaulize kwa wazee: nani aliugua surua, nani alipooza, nani alizikwa angali mchanga? Majibu yao ni historia ya taifa, nayo haimo katika kadi.